Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Kamati ya dawa nayo imeeleza kwenye makabrasha yenu ilipofikia kuhusu antibiotiki zinazotolewa kwa mafua, ugonjwa wa virusi ambao dawa hizo haziutibu. Muda wangu nitautumia kwa vipimo na matibabu yasiyo ya lazima.

Tulianza na fomu ya kuomba vipimo. Ile ya zamani ilijaa visanduku, na daktari mwenye foleni mlangoni alitia alama ya vema kuanzia juu hadi chini, akaita mgonjwa mwingine. Fomu tuliyoipendekeza inatanguliza mstari mtupu: "Unatafuta jibu la swali gani?" Kipimo huandikwa baada ya hapo. Wenzetu wa maabara wanasema sasa wanajua ombi lipi ni la haraka na lipi linaweza kusubiri. Hakuna aliyekaripiwa wala kuandikiwa barua. Naamini kwa dhati kwamba vipimo vingi visivyo na faida huletwa na jinsi kazi ilivyopangwa, na wanaoipanga ni sisi.

Kwa maumivu ya mgongo tumejifunza kutoka hospitali ya Virginia Mason, Seattle, Marekani. Wao waliamua mgonjwa aonwe mapema na mtaalamu wa mazoezi tiba badala ya kutangulizwa kwenye MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Picha zilipungua, na watu wakarudi kazini mapema. Asiye na dalili za hatari, kama vile homa, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo, kwa kawaida hahitaji picha katika wiki 6 za mwanzo. Mwenye dalili hizo asicheleweshwe hata kidogo.

Baadhi yenu mmeniuliza kama huku si kubana matumizi kwa jina jingine. Swali ni la haki. Tazameni upasuaji wa kujifungua: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba unapoongezeka kufikia 10% ya uzazi katika jamii, vifo vya akina mama na watoto wachanga hupungua, ukizidi hapo, hakuna ushahidi kwamba vinaendelea kupungua. Kwa hiyo panapokosekana upasuaji, kazi yetu ni kuudai, kwa nguvu ileile tunayotumia kuzuia usio wa lazima.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano uridhie kila kitengo kionyeshwe takwimu zake kando ya za vitengo vingine. Mwaka 1973 daktari na mtafiti John Wennberg alionyesha kwamba katika jimbo la Vermont, Marekani, watoto wa maeneo jirani walikatwa tonsili, yaani tezi za kooni, kwa viwango vilivyopishana mno, ingawa hali zao za kiafya hazikupishana kiasi hicho. Takwimu zisomwe kwanza na wahusika wenyewe, faraghani, kabla hazijafika kwenye kamati yoyote. Hoja hiyo naiweka mbele yenu ipigiwe kura.

Mwenyekiti