Barua kwa Mama Swaleh, juu ya moshi na mapafu ya mamake

Langoni, Amu

Mama Swaleh, shoga yangu,

Assalaam aleikum. Habari ya mama nimeipata, na nimelia. Nikaona maswali uliyoniuliza nisiyajibu kwa sauti za simu zinazokatikakatika, nikuandikie, uyasome kwa utulivu na umsomee nduguyo pia.

Umeuliza saratani ya mapafu imetoka wapi kwa mtu asiyewahi kutia sigara mdomoni, na kama wewe na wanao mtairithi. Kisha ukanambia jirani anasema ni husuda, na wifi yako anadhani mama alikuwa akivuta kwa siri. Hilo la wifi limeniuma sana. Mgonjwa hana nguvu hata za kugeuka kitandani, sasa amebebeshwa na aibu isiyo yake. Mama hakuvuta sigara. Moshi ameuvuta, na wewe na mimi tunajua wapi.

Lile jiko lenu la Malindi silisahau. Kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, dirisha moja, nalo limezibwa kwa gunia mvua isiingie. Kabla ya adhana ya alfajiri ameshawasha moto: kuni, makumbi ya nazi, na siku ambazo kuni zimerowa, kipande cha plastiki cha kushikizia. Anainama uso karibu na mafiga, anapuliza, anakohoa, anafuta macho kwa ncha ya leso, kisha anageuza mahamri. Juu kwenye boriti masizi yamening'inia nyuzi nyuzi, ukipita na ushungi mweupe unatoka na madoa. Mahamri hayo ndiyo yaliyowasomesha nyote.

Sikwambii kwamba jiko lile ndilo lililomharibia mapafu, maana hakuna daktari awezaye kuinyoshea kidole saratani ya mtu mmoja akasema imetokana na moshi ule. Lakini moshi na saratani ya mapafu ni jambo lililochunguzwa kweli kweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutia moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012, na mwaka 2013 likaitia hewa chafu ya nje kwa jumla. Kundi hilo ndilo lenye tumbaku. Moshi wa makaa ya mawe yanayochomwa ndani ya nyumba umo humo pia. Moshi wa kuni ndani ya nyumba uko katika kundi linalofuata, la vitu ambavyo dalili zake za kuleta saratani ni nzito ingawa ushahidi haujatimia.

Kinachodhuru hasa ni chembechembe zisizofika maikromita 2.5 kwa upana. Unywele wa mtu una kama maikromita 50 hadi 70, basi fikiria udogo huo. Puani hazishikwi, kooni hazishikwi, zinashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya hewa. Askari wa mwili wanazimeza, wanashindwa kuziyeyusha, wanapiga mbiu kwa kumwaga kemikali ya uvimbe iitwayo intalukini-1 beta. Kwa siku moja si neno. Kwa miaka thelathini, kila alfajiri, pafu haliponi.

Mwaka 2023 kundi la Charles Swanton, mtafiti wa saratani wa London, lilitoa utafiti ulionikalia kichwani mpaka leo. Walichukua vipande vya mapafu ya watu visivyo na saratani, wakakuta katika kama 18 kati ya kila 100 kuna seli zenye kosa katika jeni iitwayo EGFR, ile inayoiamrisha seli ikue. Makosa hayo huja na umri, na mara nyingi seli hizo hukaa kimya maisha yote. Wakionyesha kwa panya, chembe za hewa chafu ndizo zilizoziamsha, kwa njia ya ule uvimbe. Kwa hiyo moshi hauhitaji kuivunja jeni. Unaweza kuikuta imeshavunjika na kuipa nafasi ya kuota.

Lipo na jambo jengine, na ndilo linalojibu swali lako la pili, la wanao. Unakumbuka chuoni tulivyokuwa tukisoma ba, bi, bu? Herufi ni ile ile, ukibadilisha irabu inasomeka vyengine, na ukiitia sukuni inanyamaza. Jeni zetu nazo zina alama ndogo za kemikali juu yake. Herufi hazibadiliki, lakini alama zinaamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Wataalamu wanaziita alama za epijenetiki. Watu wanaovuta hewa chafu miaka mingi alama zao huhama: jeni zinazotakiwa kuzuia seli isizaane ovyo hunyamazishwa, kama ile ya p16 ambayo hukutwa imezibwa katika saratani nyingi za mapafu, na sehemu zilizotakiwa kunyamaza huachwa wazi.

Ndiyo maana nakwambia usilale ukifikiri mama amekurithisha. Alama hizi kwa sehemu kubwa hufutwa na kuandikwa upya mimba inapotungwa. Ambacho wewe na mama mmeshiriki kwa hakika ni jiko. Na alama, tofauti na jeni iliyovunjika, zinaweza kurudi. Kwa walioacha sigara damu imepimwa, na alama nyingi zilirejea karibu na za mtu asiyevuta katika muda wa miaka mitano hivi, ijapokuwa chache zilibaki hata baada ya miaka thelathini. Na huko Xuanwei, China, ambako wanawake wasiovuta walikuwa wakifa kwa wingi kwa saratani ya mapafu kwa kupikia makaa ya mawe ndani, familia zilizojenga dohani ya kutoa moshi nje zilipunguza hatari karibu nusu. Utafiti huo ulitoka mwaka 2002. Makaa, chakula na nyumba ni zile zile, kilichobadilika ni njia ya moshi.

Sasa nakuomba, na naomba kwa dhati. Bintiyo ana mimba, na umenambia ndiye anayekaanga tangu mama alipolala. Mtoe jikoni leo, si wiki ijayo. Mtoto tumboni ndipo alama zake zinapopangwa, na watoto waliozaliwa na mama waliovuta hewa chafu wameonekana na alama tofauti kwenye damu ya kitovu. Kaanga wewe au nduguyo, na mkaangie nje, upande ambao upepo unauchukua moshi. Gunia la dirishani liondoe. Plastiki isiingie motoni tena kabisa. Ukiweza gesi, mtungi mdogo kwa chai na mahamri ya asubuhi tu tayari ni faida kubwa, nami nitachangia. Wazee wetu huku Amu walikuwa wakiweka meko juu, chini ya makuti, moshi upate pa kutokea. Mabati ndiyo yaliyotufungia.

Ajabu ni kwamba sisi tuliweza kusimama. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliotakiwa kujengwa Kwasasi, huku kwetu Lamu, watu wa hapa waliupinga mpaka baraza la mazingira likafuta leseni yake Juni 2019. Tuliukataa moshi ambao haujawaka hata siku moja. Huu unaowaka nyumbani kila alfajiri hatuutaji hata kwenye mikutano ya kina mama, na mimi muuguzi nimo humo humo nikinyamaza. Sitanyamaza tena.

Kuhusu mama mwenyewe. Hiyo miezi aliyopewa dawa za kifua kikuu bila makohozi kupimwa vizuri imepita, hairudi, usijiue kwa kuihesabu. Swali la kumuuliza daktari ni moja: kile kinyama kilichokatwa pafuni, kimepimwa jeni ya EGFR? Wanawake wasiovuta huwa na badiliko hilo zaidi kuliko wavutaji, na likiwepo kuna vidonge vinavyolenga hapo hapo, vinavyowapa wengi muda na nafuu kuliko dripu za kemikali. Ni ghali, sikufichi. Lakini ombeni kipimo kwanza, bei tutaizungumza pamoja, na bima ya mama hakikisha imelipwa. Akikohoa damu tena au pumzi ikimpanda usiku, usingoje asubuhi.

Nitapanda basi la Malindi mara tu zamu yangu itakapokwisha. Nitakuja na barua hii nyengine niliyomwandikia daktari, kwa maneno yao, umkabidhi mkononi. Kabla ya hapo nipigie ukishapata jibu la kipimo. Hata nikiwa zamu ya usiku nitashika simu.

Nisalimie mama. Mwambie nampenda, na kwamba hana kosa.

Wasalaam,
shoga yako