Kuzima mashine ya wingu si kuacha kuilipia

Mhariri,

Ofisi zinazokodi kompyuta pepe (mashine za kukodi zinazotumika kupitia mtandao) za Azure, huduma ya wingu ya Microsoft, zinaweza kulipia usiku kucha mashine ambayo hakuna anayeitumia. Mtu anazima ndani ya Windows au Linux, skrini inakuwa nyeusi, anaenda zake nyumbani. Hali ya mashine husomeka “Stopped”, lakini prosesa na kumbukumbu bado zimeshikwa kwa jina la mteja na bili inatembea. Izimwe kwenye ukurasa wa usimamizi, au kwa amri ya az vm deallocate, mpaka neno “deallocated”, yaani imeachiliwa, lionekane.

Hapo kodi ya mashine hukoma. Ya diski haikomi. Kwanza hamisheni kila kilichowekwa kwenye diski ya muda, ambayo kwa Windows kawaida ni D, maana hufutika. Anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao) isiyo ya kudumu nayo huachiliwa, hivyo asubuhi programu zinazoitegemea hugoma.

Upo mpangilio wa kuzima kila siku, nao husimamisha kodi hiyo kweli. Tunawasihi wahusika wautumie, ila wakague majira ya saa: ukibaki kwenye UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, 19:00 ni saa nne usiku kwetu.

Mafundi wa mitandao,
Dar es Salaam