Shamba la mikaratusi lihesabiwe kuwa mtumiaji wa maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala wa mikaratusi, ambao kwa miaka mingi umewagawa watu makundi mawili: wanaousifu mti huu kwa sababu umewajengea nyumba na kuwalipia watoto wao karo, na wanaoulaani kwa sababu chemchemi zao zimekauka. Makundi yote mawili yana ushahidi. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa kuamua, kabla mche wa kwanza haujatiwa ardhini, kama bonde linalohusika lina maji ya kuutosheleza.

Faida zake ni za kweli na hazipaswi kubezwa. Spishi kama Eucalyptus grandis, ikipata mvua ya kutosha na udongo wenye kina, huweza kurefuka kwa mita tatu au zaidi kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo, na katika mashamba ya Brazili yanayolisha viwanda vya karatasi mikaratusi huvunwa ikiwa na umri wa miaka 7 hivi. Mti ukikatwa vizuri, kisiki kikaachwa kifupi na chenye mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasituame na kukiozesha, huchipua upya. Mkulima hubakiza machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, akavuna tena bila kununua mche wala kuchimba shimo. Hupatikana kuni, mkaa, fito, mbao na nguzo za umeme, na nyuki nao hupata chakula kwenye maua yake. Addis Ababa, iliyokuwa imeishiwa kuni mwishoni mwa karne ya 19 katika enzi ya Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, ilinusurika kuhamwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mti huu ulioletwa kutoka Australia. Anayetaka ung'olewe kila mahali anawajibika kueleza ni msitu gani wa asili utakaobeba mzigo huo badala yake.

Hata hivyo, ukuaji wa namna hiyo hulipiwa kwa maji. Si kwamba mkaratusi huyatumia ovyo, kwani ukipima maji yanayohitajika kutengeneza kilo moja ya kuni, mara nyingi hautumii zaidi ya miti mingine. Tatizo ni kwamba hutengeneza kilo nyingi mno, hukaa na majani mwaka mzima, na mizizi yake hufuata unyevu chini sana hata wakati wa kiangazi, ambapo nyasi zilizokuwapo zamani zingekuwa zimekauka na kuacha kunyonya. Jambo hili limepimwa. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda Eucalyptus grandis mwaka 1969 katika bonde dogo lililokuwa la nyasi. Kijito chake kilikauka kabisa katika mwaka wa tisa, na miti ilipokatwa ikiwa na umri wa miaka 16, maji ya kudumu hayakurudi mpaka baada ya miaka mingine mitano.

Ningependa kila afisa anayeidhinisha upandaji wa miti aufahamu mfano huo, kwa kuwa unaonyesha hasara isiyojitokeza mapema na isiyoondoka upesi. Katika miaka ya mwanzo anayeishi chini ya bonde huona kijito kinatiririka kama kawaida, na anapoanza kulalamika, mwenye shamba tayari ana mali iliyosimama ambayo hawezi kuombwa aiache hivi hivi.

Udongo nao huathirika. Katika mashamba mengi yaliyobanana, ukifukua majani makavu yaliyorundikana na kumimina maji kwenye udongo ulio chini yake, utaona matone yakiviringika juu ya vumbi badala ya kuzama, kwa sababu nta na mafuta ya majani yameufanya udongo uyakatae maji. Mahali pa mteremko, hasa majani hayo yakizolewa kwa ajili ya kuni, mvua huteremka na udongo. Kuhusu moto, magome yanayoning'inia na majani yenye mafuta huusambaza kwa kasi. Ureno, ambako moto wa Pedrógão Grande uliua zaidi ya watu 60 mwezi Juni 2017 katika eneo lenye misonobari na mikaratusi mingi, iliweka mwaka huohuo sheria ya kuzuia upanuzi wa mashamba ya mikaratusi.

Mfano ninaoupendekeza ni ule wa Sheria ya Maji ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, inayoyatambua mashamba ya miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito, hivyo mwekezaji huhitaji kibali kama anavyokihitaji mwenye kilimo cha umwagiliaji. Kibali kikizingatia kipimo cha mto wakati wa kiangazi na mahitaji ya walio chini ya bonde, mkaratusi utabaki kwenye ardhi inayouweza, mbali na kingo za mito, chemchemi na ardhi oevu.

Kwa mikaratusi iliyokwisha kupandwa kwenye vyanzo vya maji, agizo la kukata peke yake halitoshi. Bajeti lazima iwe na fungu la kuua visiki na kung'oa machipukizi kwa misimu kadhaa mfululizo, na mkulima mdogo apewe miche ya asili ya kupanda badala yake pamoja na muda wa kuvuna alichokitolea jasho.

Msomaji wako