Risala ya Klabu ya Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi ya Chuo

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu wetu na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua ratiba yako imebana, hivyo historia tutaipita mbio: klabu ilianza na wanachama 6, leo tupo 41.

Mafanikio ni mengi. Kubwa kuliko yote, tumeendesha programu kwenye kompyuta ya kwanta, yaani inayopiga hesabu kwa kanuni za fizikia ya vitu vidogo mno, ya kampuni ya IBM iliyo Marekani, kwa intaneti, ndani ya dakika 10 za bure wanazotoa kila siku 28. Programu ilikuwa ya kyubiti mbili tu; kyubiti ndiyo chembe ya taarifa ya kompyuta hiyo, kama biti kwenye kompyuta ya kawaida. Wapo waliocheka. Lakini zilifungamana: moja ikisomeka 0, mwenzake 0, ikisomeka 1, mwenzake 1, ukiacha makosa machache ambayo hata wenye mashine bado yanawasumbua.

Ndugu Mgeni Rasmi, kompyuta ya kwanta haijitoshelezi. Mwaka 2025 huko Kobe, Japani, IBM na taasisi ya utafiti ya RIKEN waliiweka jirani na kompyuta kuu ya Fugaku na kuziunganisha. Ya kwanta inapima, Fugaku inapiga hesabu, inarekebisha, inairudishia mwenzake, wanaendelea hivyo. Nasi mpango wetu ni huohuo. Upande wa kwanta tunaazima kwa IBM. Upande wa Fugaku tuna kompyuta mbili, moja huwaka ikipenda.

Ombi letu liko hapo. Ukiiga kyubiti kwenye kompyuta ya kawaida, kila unapoongeza moja, kumbukumbu inayohitajika huwa maradufu. Kyubiti 30 zinakula gigabaiti 16. Kompyuta zetu zina gigabaiti 4. Tunaomba moja tu yenye gigabaiti 64, pamoja na intaneti isiyotegemea bando la mwenyekiti.

Ombi hili si geni ukumbini humu. Mgeni rasmi wa mwaka jana alisimama hapohapo utakaposimama, akaahidi kompyuta kumi. Tulipiga makofi, tukapiga na picha. Picha tunayo. Tumeandika barua tatu za kukumbushia. Ya tatu ilijibiwa kwamba suala linafanyiwa kazi. Hatulaumu, majukumu ya viongozi ni mazito. Ndiyo maana safari hii tumeshuka kutoka kumi hadi moja.

Profoma ya duka anayo katibu. Kwa ruhusa yako, atakukabidhi kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.