Skizofrenia si ugonjwa wa sura moja

Mhariri,

Naandika kuhusu habari mliyochapisha juu ya kupima mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili. Naunga mkono utafiti huo, ila wastani wa vipimo vya kundi zima la wagonjwa usituridhishe.

Mwaka 1911 daktari Eugen Bleuler aliandika juu ya kundi la skizofrenia, si ugonjwa mmoja. Hata hivyo, tafiti nyingi bado huwalinganisha wagonjwa wote kwa pamoja na watu wenye afya. Ni kweli wimbi la ubongo liitwalo P300, linalojitokeza takriban milisekunde 300 baada ya mtu kusikia mlio asioutarajia, kwa wastani huwa dogo zaidi kwa wagonjwa. Lakini wapo ambao lao ni la kawaida kabisa, na hao ndio wanaonigusa. Mmoja husikia sauti zisizokuwepo, mwingine amejifungia kimya, na dawa inayomtuliza huyu haimsaidii yule. Kipimo chenyewe hakiumizi. Elektrodi, yaani vihisi vidogo vya umeme, hubandikwa tu kichwani.

Watafiti wachapishe matokeo ya kila mgonjwa, bila jina, na wampime mtu yuleyule kabla ya dawa na miezi kadhaa baadaye. Familia nazo zielezwe wazi kwamba kipimo hiki pekee bado hakiwezi kuthibitisha ugonjwa.

Msomaji wenu