Bili ya taka imepanda? Chungulia kwanza ndoo ya chumba cha sindano

Sisi tunazoa taka za vituo vya afya kwa kilo, na juzi kati mwenye zahanati mmoja, mteja wetu wa siku nyingi hapa Dar, kanipigia simu asubuhi kweupe amewaka kweli, "jamani mbona mwezi huu mmenipiga, wagonjwa wale wale hizi kilo zimetoka wapi?" Nikaenda mwenyewe. Chumba cha sindano kina ndoo moja tu, mfuko mwekundu, na kila kitu kinaingia humo, maboksi ya dawa, chupa za maji, mpaka foili ya chipsi mayai imekaa juu ya bandeji ya usaha. Sasa hiyo foili ikishagusana na usaha ndo basi, hakuna wa kuingiza mkono kuchambua, ni taka ya maambukizi na inapanda mizani na wenzake.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida tu kama za nyumbani, hiyo 15 inayobaki ndo yenye hatari. Yaani jamaa alikuwa anatulipa tukachome maboksi.

Tukampangia upya. Karatasi na mabaki ya chakula ndoo nyeusi au bluu, glavu na pamba zilizotumika njano, vilivyoloa damu na sampuli za maabara nyekundu, sindano na viwembe sefti boksi, lile boksi la karatasi ngumu la vitu vyenye ncha kali. Kondo la nyuma lina shimo lake. Na ndoo ziwe pale mkono wa nesi unapofika, maana ukiweka sefti boksi ng'ambo ya korido atarudishia kifuniko kwenye sindano aiache kwenye trei, na hapo kwenye kurudishia ndo watu wengi wanajichoma.

Sefti boksi nalisema kwa uchungu kidogo. Kuna kituo kijana wetu alinyanyua boksi la lita 5, limeshindiliwa mpaka mdomoni na limekaa sakafuni kwenye maji ya deki, karatasi imelainika, sindano ikatoka chini ikamchoma paja. Tukamkimbiza akaanze PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kujichoma, hizo ni mapema iwezekanavyo na zisizidi saa 72. Watu wakisikia sindano wanawaza ukimwi tu, kumbe kwa sindano yenye virusi uwezekano wa kupata VVU ni kama 3 kwa 1,000, ila homa ya ini B kwa ambaye hajachanjwa unaweza kufika 30 kwa 100! Vijana wetu wote wamechanjwa dozi zote tatu. Je dada wenu wa usafi? Manesi mara nyingi wanakumbukwa, yeye anaishia kupewa glavu za kupasuka. Boksi likifika robo tatu lifungwe, na lisimwagwe ili litumike tena, jamani.

Wapo wanaosema wana shimo nyuma, wanamwaga dizeli wanachoma wenyewe. Moto huo ni mdogo, plastiki inatoa moshi wa sumu kwa majirani na sindano zinabaki zimesimama kwenye jivu. Insinereta ya maana, yaani tanuri la kuchomea taka, chemba yake ya pili inafika angalau nyuzi 850. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nayo nzuri, nyuzi 121, haina moshi, ila dawa zilizoexpaya na viungo vya mwili haviingii humo.

Halafu kuna wanaotaka tupite mara moja kwa wiki ili wabane matumizi. Hapo tunakataa, kwa joto letu taka ya maambukizi isiyo kwenye friji haitakiwi kulala zaidi ya saa 24 kipindi cha joto, 48 kipindi cha baridi.

Ukijiunga tunakuja na ndoo, mifuko na sefti boksi, tunakaa na manesi na dada wa usafi nusu siku kuwaelekeza. Mizani tunapima mbele yenu, sista anasaini kilo kabla gari haijaondoka.