Upinde wa Kale au Mpya?

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Umeonyeshwa upinde wa Kodiak wa kampuni ya Bear ya Marekani, wa inchi 60, wa miaka ya 1960, na kando yake rikavu mpya (upinde wenye ncha zilizopindia mbele) ya kufungua vipande vitatu, nawe hujui uchukue upi. Jibu langu ni hili: ukiruhusiwa kuukagua ule wa kale kwa mikono yako kabla ya kulipa, ukatoka salama, uchukue huo. Ukiambiwa "lipa kwanza, uko sawa tu", beba mpya.

Usidhani mpya una nguvu za ajabu. Tangu miaka ya 1950 hadi leo rikavu nyingi za mtindo wa jadi zinaundwa vilevile: katikati ya kila mkono wa upinde kuna mbao nyembamba, mara nyingi ya mti wa mepo (maple), na pande zote mbili zimebandikwa fibaglasi kwa gundi. Upinde ukivutwa, fibaglasi ya upande wa shabaha inanyooshwa, ya upande wako inabanwa, mbao inazitenganisha. Kazi kubwa ni ya fibaglasi, na fibaglasi haizeeki kwa sababu tu kalenda imesonga. Inazeeshwa na joto, na kukaa imekunjwa vibaya, na watu wanaoachia ugwe pasipo mshale.

Kilichobadilika hasa ni ncha, na ndipo wengi wanapouharibu upinde mzuri wa kale ndani ya wiki moja. Ugwe wa zamani ulikuwa wa dakroni, yaani uzi wa poliesta. Dakroni hunyumbuka kidogo mshale unapotoka, hivyo kishindo hakiishii chote kwenye ncha. Ugwe wa kisasa wa Dyneema, uzi wa plastiki ulio imara sana, na ule uliouzwa kwa jina la Fast Flight, karibu haunyumbuki, na nyuzi zake ni nyembamba. Ukiuvisha kwenye ncha ambayo haikuimarishwa, unaila pale kitanzi kinapokaa, kidogo kidogo, hadi siku moja ncha ipasuke kwa urefu. Pinde mpya zilizotengenezwa kwa ugwe huo zina tabaka za fibaglasi au za plastiki ngumu iitwayo mikata (micarta) juu ya ncha. Faida yake kwa mshale ni futi chache tu kwa sekunde. Kwa futi hizo chache sioni kwa nini mtu ahatarishe upinde wa miaka sitini.

Basi Kodiak ukiuchukua, agiza ugwe wa dakroni ya aina ya B-50: nyuzi 12 kwa upinde ambao nguvu ya kuuvuta ni ratili 35 hadi 45, nyuzi 14 kwa 45 hadi 55. Urefu wa ugwe uwe pungufu ya upinde kwa inchi 4 hivi, yaani upinde wa inchi 60 uvae wa inchi 56. Uvishe, kisha pima kutoka ugwe hadi sehemu ya ndani kabisa ya kishikio. Anzia inchi 7 na nusu. Ukitaka kuongeza, vua ugwe uusokote mizunguko mitatu minne. Ukitaka kupunguza, usokotoe. Pale upinde unapotulia na kelele kupungua ndipo pake. Ugwe mpya hurefuka baada ya mishale michache ya kwanza, kwa hiyo pima tena.

Sasa ukaguzi. Nenda na pamba, mizani ya kuning'iniza na kamba ya kuvishia ugwe, ile inayoshika ncha zote mbili huku ukikanyaga katikati. Mtu akikuonyesha kwamba anavisha kwa kupitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja, umekwisha kujua kwa nini mkono wa chini umejisokota.

Kabla hujavisha, pitisha pamba polepole kwenye kingo zote za mikono, toka kishikio hadi ncha. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, simama hapo na taa. Inaweza kuwa vanishi iliyobanduka tu, au tabaka zimeanza kuachana. Bonyeza kwa ukucha: tabaka zilizoachana hufunguka na kujifunga kama mdomo, na ukigonga utasikia mlio mtupu. Upinde wa hivyo usiuvute hata mara moja. Upo ushauri wa kudondoshea gundi nyepesi. Kwa kipande kidogo cha pambo kilichoinuka inafaa, kwa mkono unaobeba mzigo ni kujidanganya.

Mistari je? Upinde wa umri ule karibu lazima uwe na mistari. Inayokwenda kwa urefu wa mkono, ndani ya fibaglasi, aghalabu ni ya macho tu. Inayokata mkono kwa upana ndiyo ya kuogopa, hasa karibu na mahali mkono unapoanzia kwenye kishikio. Angalia pia kama mwenyewe wa zamani alitoboa matundu ya kufungia kilengeo. Tundu la skrubu kwenye kishikio kinene si msiba, lakini tundu karibu na mkono ni sababu ya kuondoka.

Ukishavisha, shika upinde mbali nawe, ncha ya chini ikielekea sakafuni, na uangalie kwa jicho moja: ugwe unapaswa kupita katikati ya mikono yote miwili na kulala ndani ya mfereji wa kila ncha. Ukikimbilia kando, mkono umejisokota. Hili lina dawa. Pasha mkono moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi uwe wa moto wa kuvumilika kiganjani, uzungushe upande wa pili kupita kidogo mahali ulipotakiwa, shikilia hadi upoe kabisa. Huenda ikabidi kurudia mara kadhaa. Usikazanie joto, maana gundi ileile inayoshika tabaka ndiyo unayoipasha. Kwa sababu hiyohiyo upinde haukai ndani ya gari lililoachwa juani.

Mizani usiiache. Alama kama 45# maana yake ratili 45 ukivuta inchi 28. Ukivuta 29, ongeza ratili mbili au tatu. Pima kwa urefu wa mvuto wako. Na kama utakutana na Kodiak Magnum, ile fupi ya inchi 52, fahamu kwamba ugwe wake hufanya pembe kali mwishoni mwa mvuto; vidole hubanwa, na mwenye mikono mirefu huujutia.

Muuzaji akikuambia ni wa mwaka 1953 kwa kuwa umeandikwa hivyo, tabasamu tu. Maandishi ya "Canada 1953" yanahusu hataza, na yaliendelea kuwekwa kwenye pinde kwa miaka mingi baadaye. Jina Grayling, Michigan linasaidia zaidi kidogo: kiwanda cha Bear kilihama huko kwenda Gainesville, Florida mwaka 1978, hivyo upinde wenye jina hilo aghalabu ni wa kabla ya hapo.

Kuhusu mishale, kwenye Kodiak uzito wa mshale usishuke chini ya greini 10 (kipimo kidogo cha uzito) kwa kila ratili ya mvuto. Ratili 45 ni greini 450, karibu gramu 29. Mshale mwepesi mno unafanana na kuachia ugwe mtupu. Tena pinde nyingi za kale hazikukatwa hadi katikati mahali mshale unapopita, hivyo mshale hulazimika kujipinda kuzunguka kishikio. Mgumu sana utakwenda kando kila mara na utaulaumu mkono wako bure. Mpya uliokatwa hadi katikati au kupita kidogo husamehe zaidi.

Huo mpya nao una jambo moja ambalo wa kale hauna: unabadilisha mikono. Umekaa muda bila kulenga, Hamisi. Ukianza na mikono ya ratili 30, misuli ikizoea ukanunua ya 40, kishikio ni kilekile. Kodiak ya 45 haitakusubiri. Utaanza kuachia kabla hujafika kwenye shavu, na tabia hiyo kuitoa ni kazi. Ila mpya usiupokee ukiwa umefumba macho: bolti hulegea, mkono usiokaa sawa kwenye kiti chake huonekana kama uliojisokota, na mlio wa kukwaruza mara nyingi hutoka hapohapo. Kaza kwa mkono, usitumie nguvu za fundi magari.

Kwa hiyo kabla hujalipa, piga picha ncha zote mbili kwa karibu, pale kitanzi kinapokaa, na moja ya ugwe ukiwa umevishwa, ukitazama kwa urefu wa upinde. Nitumie, nikuambie ninachokiona.

Wako,
Idi